Tulivyolala kwa Jirani Huko Noto

Kila Jumapili baada ya ibada mnanizunguka pale penye chai. Mama Rispa, Japani palikuwaje? Mama Rispa, mjukuu anafanana na nani? Nami nacheka, nasema palikuwa pazuri, kisha naenda kuosha vikombe ambavyo si zamu yangu kuosha. Jamani, nimechoka kucheka. Naandika mara moja, msome, mpeane, na Jumapili ijayo mniulize habari za magoti yangu. Anayetaka kusikia habari za milima na treni za kasi akamuulize mume wangu Yohana. Yeye alifika Japani nyingine kabisa, na anasema ilikuwa nzuri.

Kwa mliojiunga nasi juzijuzi: Rispa ni binti yetu wa pekee. Tulimleta hapa Birmingham akiwa bado msichana wa kuruka kamba, akakua, akasomea unesi. Wodini akamuuguza Kenji, kijana wa Kijapani aliyekuja kusomea uinjinia, akaanguka na baiskeli akavunjika mguu. Mguu ukapona, wao wakaoana. Baadaye wakahamia kwao Kenji, kijijini, katika nchi ya Noto, kipande kirefu cha ardhi kilichoingia baharini. Huko akazaa mtoto wa kike, Emi. Na tangu azae, neno lake kwetu lilikuwa moja tu: Mama, njooni mkae nami. Hakusema mje mnione. Alisema mkae nami.

Kutoka Acocks Green

Tuliondoka nyumbani asubuhi ya mvua. Nilikuwa na sutikesi mbili, moja ya nguo, nyingine ya unga wa mahindi na sufuria nzito, maana Rispa alisema sufuria za kule ni nyepesi, ukisonga ugali zinazunguka nawe jikoni. Unga niliununua kwa yule Mhindi wetu aliyetoka Kisumu. Aliposikia ninakokwenda akanitilia na pilipili ya bure. "Mama, chukua hii," akasema. "Ile watu ya Japani haina pilipili kabisa. Mtoto ya wewe atasahau kwao."

Treni ilichelewa, kama kawaida ya miaka hii, leo mgomo, kesho taa hakuna. Tukakaa kwenye benchi la stesheni. Yohana alikuwa amevaa suti ya harusi na kofia, na kule kiwandani Washwood Heath wenzake walikuwa wamemtania hadi akanuna, ati aende akaangalie Wajapani wanavyofunga skurubu kabla hawajatunyang'anya kazi ya magari. Nikadhani ndicho kilichomkunja uso. Kumbe.

"Mama Rispa," akaniambia, "umefikiri tutalala wapi?"

"Kwa mtoto wetu."

"Kwa mkwe, unataka kusema."

"Kwa mtoto wetu, ambaye anakaa kwa mkwe. Yohana, usianze."

Akanyamaza. Mimi mjinga nikadhani amekubali.

Ninyi wa pwani na ninyi wa Kongo mtashangaa, kwa hiyo ngoja nieleze. Kwetu Maragoli, magharibi mwa Kenya, mzazi halali katika nyumba ya binti yake aliyeolewa. Unakwenda, unapokelewa vizuri, unakula mbali na mkwe wako, jua likishuka unaaga. Ikiwa ni mbali, unatafutiwa kitanda kwa jirani. Hakuna anayeona ubaya. Jirani anafurahi, na mkwe anajua umemheshimu. Ukilala ndani umevunja mwiko, na watu husema mwiko huo hukuruka wewe ukamshukia mtoto mdogo. Mimi nimelelewa hivyo pia. Lakini nilijiambia kwamba mwiko una miguu ya kutembea, hauna mabawa ya kufika Japani.

Na Yohana ana jambo lake jingine kuhusu vitanda vya watu. Alipofika nchi hii alizunguka Winson Green na begi lake, mlango kwa mlango, akiambiwa chumba kimechukuliwa, na karatasi ya kutangaza chumba bado iko dirishani. Mtu akishapitia hayo, nyumba ya mwenzake anaiingia kwa uzito. Hilo namhurumia mpaka leo.

Angani, na kukwama Alaska

Ndege haiendi moja kwa moja. Inapanda juu huko kwenye barafu, inashuka Alaska kunywa mafuta, ndiyo iendelee. Sisi tuliposhuka ikaonekana injini moja ina kikohozi. Tukaketishwa katika ukumbi wenye dubu mweupe aliyekaushwa, amesimama ndani ya kabati la kioo na meno nje, na watoto wa Kizungu wakipigwa picha naye. Kulikuwa na supu ya tambi ikiuzwa, watu wamepanga mstari mrefu. Nikapanga mstari, nikafika mbele, supu ikaisha.

Mzee mmoja wa Kijapani aliyekaa karibu nasi akaniona ninavyorudi mikono mitupu. Akafungua kitambaa chake akanipa tonge la wali lililovikwa kitu cheusi kama karatasi. Nikaibandua ile karatasi kwa heshima nikaiweka pembeni. Mzee akacheka mpaka akashika tumbo. Kumbe ni majani ya baharini, yanaliwa, tena ndiyo utamu wenyewe. Nikala. Sikuuona utamu, lakini nilikuwa na njaa.

Alijua Kiingereza, alikuwa akiuza mashine za kushonea. Akauliza tunakwenda wapi, nikamwambia Noto, kwa binti yetu, kwa wazazi wa mumewe.

"Mtalala nyumbani kwao?" akauliza.

"Ndiyo," nikasema.

"Hiyo ni heshima kubwa sana," akasema, akainama kidogo pale pale kitini.

Yohana akaingilia. "Na mtu asipotaka kulala kwa watu, huko kuna nini?"

Mzee akaeleza vizuri, mtu mwenye subira. Kuna hoteli za vitanda, lakini ziko mjini. Kuna nyumba za wageni za zamani penye maji ya moto ya ardhini, ambako unavishwa kanzu na chakula unaletewa chumbani. Halafu kuna nyumba za kawaida za wavuvi na wakulima, wanapangisha vyumba viwili vitatu, unakula wanachokula. Siku hizi kila kijiji cha Noto kinazo, akasema, vijana wa Tokyo wanapenda.

"Hata karibu na nyumba ya wakwe?" akauliza Yohana.

"Hata mlango wa pili!" Mzee akacheka tena, akidhani ametaniwa. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Yohana hakucheka. Alitoa miwani akaifuta, akakaa vizuri, uso umemkunjuka kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani.

Tokyo

Tulifika uwanja wa Tokyo tumechelewa kabisa, na afisa wa forodha akafungua sutikesi ya unga. Akatia kidole. Akanusa. Akamwita mwenzake, naye akatia kidole. Nikawaambia kwa Kiingereza ni chakula, nikaonyesha mdomo, nikazungusha mwiko wa hewani kwenye sufuria. Akaja wa tatu, mkubwa wao, akaonja, akatafakari, akasema neno, wote wakaitikia kwa kichwa. Wakanifungia mifuko vizuri kuliko nilivyoifunga mwenyewe. Kama kuna watu waliotupokea bila mashaka katika nchi ile, ni hao.

Kenji alikuwa akisubiri tangu asubuhi. Kwetu mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, nami nilikuwa nimeogopa salamu hiyo tangu Birmingham. Basi kijana akasimama mbali, akainama. Nami nikainama. Yohana akavua kofia akainama. Hapo mila zetu zilipatana, na nadhani ndiyo mara ya mwisho.

"Chumba kiko tayari," Kenji akasema. "Mama amekuwa akikitayarisha muda mrefu. Rispa hajalala kwa furaha."

Yohana akamshukuru. Mimi moyo ukatulia.

Treni ya kwenda Noto

Tulilala hotelini, asubuhi tukaondoka. Ni safari ya kutwa nzima. Kuna treni kubwa safi, kisha unabadilisha kwenye mji wa Kanazawa, unapanda treni ndogo inayonguruma pembeni mwa bahari, kisha basi. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamevunwa, na mpunga umetundikwa kwenye fito ndefu kama nguo za kufua. Kila nyumba ilikuwa na matunda ya rangi ya chungwa yaliyomenywa na kuning'inizwa barazani. Kila kituo kinauza chakula chake kwenye kisanduku cha mbao. Kwenye basi bibi kizee mmoja alinigusa nywele, akanipa pipi, akanigusa tena. Nilimwacha. Hapa Birmingham mtu anakugusa nywele na pipi hakupi.

Katika ile treni ndogo ndipo Yohana alipofungua mdomo. "Kenji," akasema, "kijijini kwenu kuna nyumba inayopokea wageni?"

"Ipo. Jirani yetu, Bi Hamada. Wavuvi wa mjini wanakuja kwake."

"Vizuri. Basi sisi tutalala kwa Bi Hamada. Ndivyo ilivyo kwetu. Ni heshima kwa wazazi wako."

Kenji akavuta hewa katikati ya meno. Akatazama nje. "Itakuwa ngumu kidogo," akasema.

"Hakuna shida," Yohana akamwambia, "sisi si watu wa kuchagua. Chumba chochote kinatutosha."

Mimi nilikuwa nimekaa Japani siku moja tu, lakini ule mvuto wa hewa niliuelewa. Nikamkanyaga Yohana mguu. Akausogeza mguu wake. Kenji akasema tena, kwa sauti ndogo, kwamba itakuwa ngumu kidogo, na kwa watu wale, baadaye Rispa akanieleza, hilo ndilo neno lao la kukataa katakata. Yohana akampigapiga kijana begani, jambo ambalo kwa mila yetu hakupaswa kulifanya, ndipo nikajua amefurahi mno.

Chumba

Rispa alisimama penye kituo cha basi na mtoto mgongoni, amemfunga kwa nguo yao ya kule. Wenzangu, mwanangu alikuwa amekonda. Shingo imetoka, macho yamekuwa makubwa. Alinikumbatia akakaa hivyo, na watu wa kijiji wamesimama vibarazani wanatazama. Nikamchukua Emi. Ana paji la uso la mama yangu. Mniulize tena anafanana na nani!

Wazazi wa Kenji walikuwa wamepiga magoti mlangoni. Baba ni mtu wa maneno machache, uso wa jua na bahari. Mama Kenji ni mfupi, mkavu, vidole vigumu vya kazi. Tulivua viatu. Tukanywa chai. Kisha akasimama, akatuongoza kwenye chumba cha mbele, chumba bora cha nyumba, akatelezesha mlango wa karatasi.

Mikeka ya sakafuni ilikuwa mipya kabisa, bado ya kijani, chumba kizima kinanukia majani. Magodoro mawili yalikuwa yamekunjwa ukutani na mashuka meupe juu. Moja lilikuwa refu kuliko jingine. Rispa akaniambia kwa Kiswahili, "Amelishona mwenyewe. Nilimwambia Baba ni mrefu, akapima kwa kamba nikimsimulia. Mama, hakunipenda huyu mwanzoni. Lakini ameshona."

Yohana akatazama kile chumba. Namjua mume wangu, aliguswa. Akaweka mikono miwili kifuani, akainama chini sana, akasema kwa Kiingereza, taratibu, ili Kenji atafsiri: "Tunawashukuru sana. Kwa heshima tuliyo nayo kwa nyumba hii, tutalala kwa jirani."

Kenji hakutafsiri.

"Baba," akasema Rispa.

"Mwanangu, unajua."

"Baba, nimewaambia watu mtalala hapa. Nimeambia kijiji kizima."

"Nawe unajua kwamba mzazi halali kwa mkwe wake. Ulifundishwa."

"Hapa si Maragoli!"

"Sikatai. Lakini wewe na mimi bado ni wa Maragoli."

Mama Kenji alikuwa akitutazama mmoja mmoja, mkono bado uko kwenye mlango. Hatimaye Kenji akasema kitu, kifupi, akitazama mikeka. Yule mama hakubadilika uso hata kidogo. Aliinama, akatabasamu, akautelezesha mlango ukafungwa. Polepole sana, bila kelele.

Kwa jirani

Bi Hamada alitupokea kwa shangwe. Mwanamke mnene, mcheshi, jino la dhahabu. Katika kijiji kile hakuna aliyewahi kupata wageni kama sisi, na sasa amewapata yeye, tena wakwe wa watu wa mlango wa pili. Kabla ya chakula cha jioni majirani walikuwa wamekuja kuazima chumvi, kuazima kiberiti, kurudisha ungo. Kila mmoja anakaa, anatutazama tukila, anainama, anaondoka. Bi Hamada anawamiminia chai.

Chakula kilikuwa samaki mbichi aliyekatwa vizuri, samaki mwingine mzima mwenye macho, wali, supu ya kaa. Yohana alikula vyote kwa adabu, hata lile gamba la kaa alilotafuna akidhani linaliwa, kwa kuwa alikumbuka yale majani ya baharini niliyoyabandua. Halafu akaoga. Kule wanaoga watu wote maji yaleyale: unajisugua nje, unajisuuza, ndipo unaingia kwenye pipa la maji ya moto ujipumzishe, ukitoka anaingia mwingine. Maji hayo huchemshwa kwa kuni kutwa. Yohana, mtu wa adabu, alipomaliza akachomoa kizibo ili anayemfuata asikute maji yaliyotumika. Nyumba nzima haikuoga siku hiyo. Bi Hamada alicheka, na kesho yake asubuhi kijiji kizima kilikuwa kinacheka. Walikuwa wanacheka kwake, kwenye ukumbi wake. Mlango wa pili palikuwa kimya.

Nikamkuta Rispa nyuma ya nyumba yao, anafua nepi. Nikashika upande wa nguo tukakamua pamoja.

"Mama," akasema, "unajua walisemaje nilipofika hapa? Walisema Kenji ameniokota. Harusi ilikuwa Birmingham, hapa hawakuona mtu wa upande wangu, kwa hiyo mimi ni mtu asiye na watu. Mtoto wa mtu asiye na watu. Mama Kenji alinitetea mwishowe, akawaambia wazazi wa Rispa wanakuja, watalala kwangu, mtawaona. Akabadilisha mikeka. Kule kubadilisha mikeka ni jambo la watu wote kuona, inapita barabarani. Sasa mmekuja, mmelala kwa Hamada."

"Hukumweleza kwamba ni heshima?"

"Nimeeleza. Ananiuliza, heshima gani hiyo inayolala kwa jirani?"

Akakung'uta nepi, akaitundika. Kisha akaniambia jambo ambalo ndilo hasa lililonileta hapa kuandika. Alisema, "Tangu nizae naamka naogopa, Mama. Sijui naogopa nini. Nilikuwa nahesabu tu kwamba utakuja, nitaamka nikukute uko chumba cha pili, nisikie unakohoa. Ni hilo tu nililolitaka."

Nilirudi kwa Bi Hamada nimejaa hasira. Nikamwambia Yohana yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha.

"Unamkumbuka dada yangu Loice?" akasema. "Alilala kwa bintiye usiku mmoja, mvua imefunga njia. Mjukuu wake alikuwa mkubwa kama Emi. Hakuota jino."

"Yohana, yule mtoto alikuwa na surua!"

"Surua ilikuwa kijiji kizima. Yeye ndiye aliyekufa. Unafikiri sitaki kulala kwa mwanangu? Lile godoro refu nililiona. Lakini siwezi kumweka yule mtoto katika hatari ili watu wa hapa wanisifu."

Machozi yalikuwa yanamtoka. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumshika mkono. Sikufanya lolote, nikalala pale tena, na hilo nalo linanikera.

Mkoba wangu

Siku zilizofuata Mama Kenji hakutoka nje isipokuwa kwenda shambani. Tulikwenda mchana, tukaketishwa, tukapewa chai na keki nzuri ya kununuliwa. Kila kitu kwa adabu, kila mara nzuri zaidi, kila mara baridi zaidi. Unga wangu wa mahindi niliukabidhi, ukapokewa kwa mikono miwili, ukawekwa juu ya rafu pamoja na zawadi za wageni. Sikuitwa jikoni. Wanawake walimletea Bi Hamada samaki wa kutupikia sisi, nao wakipita mbele ya mlango wa Rispa hawageuzi shingo.

Mwishowe nikasema, liwalo na liwe. Nikafunga nguo zangu kwenye mkoba.

"Unakwenda wapi?" Yohana akauliza.

"Kwa mwanangu. Mwiko ukija, uje kwangu."

"Hauji kwako, ndiyo shida yake." Lakini hakunizuia. Akanisogezea viatu mlangoni.

Ilikuwa mchana mweupe, na kijiji kizima kiliniona nikitoka na mkoba. Mama Kenji alikuja mlangoni akapiga magoti. Rispa akatokea nyuma yake na mtoto. Nikasema, "Rispa, mwambie mama yako nimekuja kulala. Leo na siku zote zilizobaki. Mwambie nimekosea, naomba kile chumba."

Rispa hakutafsiri mara moja. Akanitazama mimi, akautazama mkoba, akatazama barabarani ambako Bi Hamada alikuwa amesimama na ufagio usiofagia kitu.

"Mama," akasema, "chumba kimefungwa."

"Nitalala jikoni. Nitalala na wewe na mtoto, sakafuni."

"Huwezi. Watasema mmegombana kwa Hamada, ndiyo umekuja kuomba pa kulala. Na Mama Kenji atakubali, hawezi kukukatalia, atalitandika lile godoro huku anajua wote wanacheka. Nisikilize. Ninyi mtaondoka. Mimi ndiye nitakayebaki na huyu mama."

"Rispa, nakuomba."

"Ungekuja siku ile." Sauti yake haikupanda. "Siku ile nilikuhitaji kweli, Mama."

Akageuka, akamwambia mkwewe maneno ya Kijapani, laini, marefu. Sijui alimwambia nini. Mama Kenji akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona macho yake yamelegea. Akainuka, akaniletea chai. Nikainywa pale pale mlangoni, na viatu miguuni, mkoba wangu umelala ubavuni. Kisha Rispa akaubeba mkoba, akanisindikiza kurudi kwa jirani, ananishika mkono mbele za watu, anatabasamu kwa Bi Hamada na kumshukuru kwa kututunza. Sikumfundisha mimi adabu ile.

Kurudi

Basi la kuondokea lilichelewa, na afadhali lingewahi. Tulisimama sote kituoni. Baba Kenji alitupa samaki mkavu. Mama Kenji alituinamia. Rispa alikuwa amesimama upande wao, mtoto mgongoni, si upande wetu.

Yohana akajaribu. "Mwanangu," akasema, "mkija Birmingham, chumba chako kiko vilevile. Kitanda hatujakigusa."

"Asante, Baba," Rispa akasema. "Tutalala kwa jirani."

Hakusema kwa hasira. Aliinama, kama wanavyoinamia wageni, akabaki ameinama mpaka basi likaondoka. Yohana alikaa kwenye kiti chake na kofia magotini. Tulivuka ule mpunga wote na bahari yote, hakuivaa tena. Huko Alaska ndege haikukwama safari hii, na kwenye ukumbi supu ilikuwapo tele, lakini sikuitaka.

Acocks Green tena

Yohana amewaeleza wazee wa kanisa kwamba safari ilikuwa ya heshima na wakwe ni watu wazuri. Si mwongo. Emi anaendelea vizuri, hajaugua hata mafua, ameota meno mawili, Kenji ndiye aliyetuarifu. Yohana alifurahi mpaka akaimba, kisha akanitazama kama mtu anayengoja aambiwe asante. Sikumwambia. Sina la kumjibu pia, kwa sababu mtoto ni mzima, na hakuna njia ya kumwonyesha kwamba angekuwa mzima hata kama tungelala kwenye ile mikeka. Rispa hapigi simu tena. Salamu zake zinaletwa na mumewe, nzuri, za kutosha, zenye kuuliza hali ya hewa.

Kwa hiyo msiniulize tena kama palikuwa pazuri. Tangu turudi, mimi nalala chumba cha nyuma, kile cha Rispa. Juzi Yohana alisimama mlangoni, akakohoa, akaniuliza nitarudi lini kitandani kwetu. Nikamwambia akaulize mila yake.